Mtungi Hauna Binti

Shezbi hakujua kusoma vizuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mbali, wakisikia kwamba alikuwa kitabu cha chuo chetu kwa miaka thelathini na minne, humwaza amezungukwa na ngozi, kalamu na vidau vya wino. Nyumbani kwake hapakuwa na ukurasa hata mmoja. Palikuwa na mikeka, mtungi wa maji, jiwe la kusagia shayiri, na binti yake Dinoi.

Siku ya Sabato, zamu yake ikifika, aliitwa mbele ya sinagogi asome Torati kama mwanamume mwingine yeyote. Hapo kazi yake ilimponza. Akishatamka neno la tatu tu macho hujifumba, mwili ukaanza kuyumba, na maneno yakamtoka mfululizo bila yeye kutazama herufi. Watu wakampigia kelele, "Macho, Shezbi! Macho kitabuni!" Naye hushtuka, akatafuta mstari kwa kidole, akasoma kwa kusuasua kama mtoto wa juzi, hali aya ile aliijua kuliko jina la baba yake.

Ndivyo tulivyopokea. Torati ya kalamu husomwa kwa kutazamwa. Hata uwe umeihifadhi yote, ukiisema kwa kichwa mbele ya watu umekosa. Torati ya mdomo ni kinyume chake: hiyo husemwa, na hata uwe mwandishi wa kuandikia wafalme wa Waajemi, chuoni huitoi kwenye ngozi. Zote mbili, tunavyoamini, zilitoka mlimani kwa siku zilezile, moja juu ya mawe na nyingine masikioni mwa Musa. Ya mawe inakuambia usifanye kazi siku ya saba. Kazi ipi? Kufunga fundo ni kazi? Kukoroga uji ni kazi? Jiwe limenyamaza. Kwa hayo humwulizi jiwe, unamwuliza mtu, na mtu huyo naye aliambiwa na mtu.

Hapa mjini Be Zavdai, mtu huyo alikuwa Shezbi.

Mimi ni mpika pombe ya tende. Jina langu Rehumi, na mitungi yangu iko ukingoni mwa mfereji, hatua chache kutoka chuoni, mahali pazuri kwa biashara kwa sababu mabishano hukausha koo. Haya ninayoyaandika si sheria, ni habari za jirani, ndiyo maana nayaandika. Sheria yenyewe nitaitaja kwa maana yake tu na kwa maneno yangu. Anayetaka maneno yake hasa aje kwa miguu yake, atasomewa. Na niseme mapema, asije mtu akanishika ugoni: mimi ndiye niliyetaka kumwoa Dinoi.

Baba yake Shezbi alikuwa mkwea mitende, na Shezbi angekuwa mkwea mitende vilevile kama si mnadi mmoja wa sokoni. Mnadi huyo alitaja vitu vya urithi wa mtu, sufuria, nguo na punda, mia na kitu, akashuka jukwaani. Shezbi, aliyekuwa hajatimiza miaka tisa, akavirudia vyote kwa mpangilio, pamoja na kikohozi cha mnadi. Watu wa chuo wakamchukua. Mkariri mzee aliyekuwepo akamketisha ukingoni mwa mfereji, akamsomea kila fundisho mara nne, na Shezbi akalirudia mara arobaini. Ukilisema arobaini, alikuwa akiambiwa, limekaa. Na ukilisema kosa arobaini, kosa nalo limekaa, halitoki hata kwa nyundo.

Kazi ya mkariri si kuelewa. Wanachuoni wetu hubishana mpaka mate yanawaruka, kisha mmoja anasema, "Tumsikie mkariri." Shezbi aliketi mkekani mbele ya Rabi Avimi, mkuu wa chuo, akafumba macho, akayumba, akatoa fundisho zima kwa sauti ya marehemu mwalimu wake, kisha akanyamaza. Wao wakaendelea kubishana juu ya maana. Hakuna aliyemwuliza yeye anaonaje. Wanafunzi walimtania kwamba yeye ni mtungi: una divai ndani na haulewi.

"Afadhali," alikuwa akijibu. "Mtungi ukianza kulewa, nyie mtakunywa nini?"

Sijawahi kumwona akikasirikia utani huo. Nadhani aliupenda. Mtu asiye na shamba wala ukoo hujivunia alichonacho, na yeye alichonacho kilikuwa kutoongeza na kutopunguza.

Sasa Dinoi. Aliolewa na Guria, mkata matete, kijana mcheshi mwenye meno makubwa ambaye sikumpenda, nadhani kwa sababu za wazi. Mwaka wa pili wa ndoa, siku ya upepo, Guria alikwenda na mtumbwi wake kwenye bwawa la matete kusini ya mji. Wakata matete wawili walimwona akipinduka. Walimwona akizama. Walikaa hapo hata jua likapinda, wakaita, wakatafuta kwa miti mirefu, hawakupata kitu ila mtumbwi. Maiti haikuonekana siku hiyo wala baada yake.

Kwetu mwanamke wa namna hiyo amefungwa. Si mke, si mjane. Hawezi kuolewa mpaka ijulikane kwamba mumewe amekufa, maana akiolewa kisha mume akatokea mlangoni na meno yake yote, ni maafa kwa kila mmoja, na zaidi kwa watoto. Wahenga waliweka kipimo. Mtu akizama kwenye maji ambayo mwisho wake unauona pande zote, ukangoja muda wa roho kutoka na hakuibuka, amekufa, na mkewe yuko huru. Akizama kwenye maji yasiyo na mwisho wa kuonekana, huenda aliibukia kwingine, na mkewe amefungwa.

Basi bwawa la matete ni maji gani? Hayaendi popote, kama kisima. Lakini matete yake ni marefu kuliko watu wawili waliobebana, na aliye ndani huoni anatokea wapi.

Dinoi alikuwa amefungwa mwaka wa sita nilipokata shauri kwenda kwa Rabi Avimi. Nilimpelekea na mtungi wa pombe, ya mwaka uleule, ile nyeusi.

"Umekuja kuuza au kuomba?" akaniuliza.

"Kuomba, Rabi."

"Basi uweke huko nje, nisije nikaambiwa nimehongwa kwa pombe. Na kama ni ile ya mwaka jana, uirudishe nyumbani kabisa."

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akichambua figili. Aliposikia jina la Dinoi aliacha.

"Kuna fundisho," akasema. "Linataja maji yenye mwisho na yasiyo na mwisho, moja moja kwa majina, na bwawa la matete limo. Nimelisikia mara mbili maishani, na sithubutu kukuambia limo upande gani. Wakariri watatu walikuwa nalo. Mmoja tauni ilimchukua, mmoja alikwenda Nchi ya Israeli akafia huko. Amebaki Shezbi. Na chuo cha Sura hawalijui, wala cha Nehardea. Mabwawa haya ni yetu. Mwezi wa Adari tunasoma milango ya sheria za wanawake. Atalisema mbele ya watu wote, na litakavyokuwa ndivyo litakavyokuwa."

Mwanafunzi mmoja mwenye ulimi, Papi, alikuwa ameketi karibu. "Rabi, baba atamsemea binti yake?"

"Shahidi ndiye asiyemsemea binti yake," Rabi Avimi akasema. "Shezbi si shahidi. Ni mtungi. Mtungi hauna binti."

Maneno hayo yakaenea mjini kabla sijafika kwangu.

Mimi mwenyewe nilikuwepo miaka kumi na miwili nyuma fundisho hilo liliposomwa kwa mara ya mwisho. Nilikuwa mlangoni nauza pombe. Nimejiuma vidole sana kwa hilo.

Nikamwendea Shezbi. Nilimkuta anatengeneza kamba ya mkeka. Nikamwuliza moja kwa moja: bwawa liko wapi?

"Unaniuliza nini wewe?" akasema. "Silisemi fundisho kipande kipande kama muuza nyama. Ngoja Adari."

"Mzee, ni binti yako."

"Na wewe ni mpika pombe, nikuulize imeiva kabla hujafunua mtungi?" Kisha akainua uso. "Unampenda?"

"Nampenda."

"Anajua kupika samaki wa chumvi vizuri sana," akasema, kana kwamba nilikuwa sijala kwake mara ishirini. Akarudi kwenye kamba yake. Mikono yake ilikuwa inakosea mafundo.

Yaliyotokea ndani ya nyumba ile mwezi uliofuata sikuyaona. Dinoi aliniambia baadaye, na sijui mtu mwingine aliyemsimulia.

Kila mwaka, siku ishirini au zaidi kabla ya mkutano wa Adari, Shezbi huanza kujisomea milango itakayotakiwa. Huketi nyuma ya nyumba, upande wa ukuta wa matete, akaanza alfajiri. Dinoi alizaliwa katika sauti hiyo. Mama yake alikufa mapema, hivyo badala ya nyimbo za kubembelezea watoto alilazwa kwa sheria za fidia ya ng'ombe, za talaka na za kuoshea vyombo. Mlango wa maji aliujua tangu ana miaka minne, kwa sababu una orodha, na watoto hupenda orodha. Kisima, birika, shimo la mfinyanzi, hayo yana mwisho. Mto, ziwa, bwawa la matete, bahari, hayo hayana. Aliyasema akiruka kamba. Hakuwahi kuyafikiria, kama vile mtu asivyofikiria meno yake, mpaka Guria alipozama. Tangu siku hiyo alijua kwamba amefungwa, kwa miaka sita, na hakumwambia mtu. Hakuna aliyemwuliza. Nani amwulize mwanamke?

Alfajiri ya kwanza baba yake alisoma kama siku zote. Alipofika kwenye bwawa alilisema mahali pake, akanyamaza. Kisha akarudia mlango tangu mwanzo, kwa sauti ndogo, na safari hii akasema: kisima, birika, shimo la mfinyanzi, bwawa la matete.

Dinoi alikuwa anasaga. Mkono ukasimama juu ya jiwe.

"Baba," akaita, "uko sawa?"

"Niko sawa. Saga."

Akaendelea kusaga. Kesho yake baba akasema vile tena, mara mbili. Keshokutwa mara tano. Dinoi aliniambia kwamba siku zile zote alipika vizuri kuliko kawaida, na walikula bila kutazamana. Angeweza kumwambia. Kila jioni alijiapia kwamba kesho atamwambia, na kila alfajiri aliposikia bwawa limehamia upande wa visima, moyo wake uliruka, akasaga kwa nguvu. Aliwaza nyumba yangu. Aliwaza watoto. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na sioni kwa nini nimlaumu. Mimi nilikuwa nimeshapaka nyumba chokaa.

Siku kumi na nane zilipita hivyo.

Adari ikafika. Mji ukajaa. Wakulima, wafumaji, wapiga makasia, wote waliacha kazi zao wakaja na mikate yao ya shayiri kwenye vikapu, wakapanga safu uani mwa chuo, wenye elimu mbele na sisi wenye vitambi nyuma. Wanawake walikaa nje ya ukuta wa matete, kwenye kivuli, wakingoja kuwapelekea watu wao chakula. Mimi mwaka huo sikuuza kitu. Nilimwachia jirani mitungi, nikaenda kujibana safu ya sita.

Papi alinigeukia. "Rehumi! Umekuja kusoma au kuposa?"

"Nimekuja kukutazama ukinyamaza. Wanasema hutokea mara moja kila miaka saba."

Watu wakacheka. Rabi Avimi akainua mkono, kukawa kimya.

"Shezbi," akasema, "tupe mlango wa maji."

Shezbi akafumba macho. Akaanza kuyumba. Sauti ya mwalimu wake ikamtoka, ile ile, kavu, isiyo na haraka. Akapita kwenye aliyeanguka mtini, akapita kwenye aliyeliwa na simba, akaingia kwenye maji. "Haya ndiyo yenye mwisho," na akataja kisima, akataja birika, akataja shimo la mfinyanzi. Akanyamaza.

Akarudi nyuma, akaanza tena kwenye mti. Simba. Maji. Kisima, birika, shimo la mfinyanzi. Kimya.

Mara ya tatu vilevile. Jasho lilikuwa linamtiririka, na Adari bado ni baridi kwetu.

"Mtungi umeziba!" Papi akasema, na wachache wakacheka, si wengi.

Hapo Shezbi akafumbua macho. Tulikuwa hatujawahi kumwona amefumbua macho kwenye mkeka ule. Yalikuwa mekundu, akayapepesa kama mtu aliyeingia sokoni kutoka ghalani.

"Rabi," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengi hawakuijua, "mtungi una binti."

"Sema unachotaka kusema," Rabi Avimi akamwambia taratibu.

"Siku kumi na nane nimelihamisha bwawa. Mara ya kwanza nilikuwa naonja tu, nisikie linavyosikika. Nikaona linasikika vizuri. Nikarudia. Sasa nikifika hapo mwalimu wangu ananiambia hivi na ananiambia vile, na sauti zote mbili ni zake. Nimepita arobaini, Rabi. Sikuhesabu, lakini nimepita. Sijui lilikuwa wapi. Msiupokee mlango huu kwangu."

Ua ukalipuka. Mzee mmoja wa safu ya pili akaapa kwamba bwawa lilikuwa na visima, amelisikia kwa masikio yake. Mwingine akaapa kwamba lilikuwa na mito, na kwamba yule wa kwanza ni kiziwi tangu enzi za baba yake. Mfumaji mmoja akapaza sauti, "Ndiyo maana nasema tuandike! Wino hausahau!" Mtu akamjibu kwamba wino hausahau lakini pia hautubu, mwandishi angelihamisha bwawa kimyakimya na angelala usingizi wake. Papi, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kusema. Mimi niliwatazama wale wazee wawili na nikamwomba Mungu yule kiziwi awe na kelele zaidi. Nasema ukweli.

"Mnilipe miaka yangu yote ya mkeka kwa kunipiga," Shezbi alikuwa anasema, "ila mlango huu umekufa, mimi nimeuua." Na akalia, mzee mzima, mbele ya watu mia tatu.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Bwawa la matete liko na mto, Baba. Baada ya ziwa, kabla ya bahari."

Alikuwa amesimama pale na kikapu cha chakula mkononi, mkate na samaki wa chumvi. Ua mzima ukageuka. Akashika mwimo wa mlango, akafumba macho, akaanza kuyumba kama baba yake hasa, na akausema mlango wa maji tangu mti hadi mwisho bila kukwama, pamoja na vile mwalimu wa Shezbi alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya simba. Alipofika kwenye bwawa hakusita. Nilikuwa namtazama mimi, na hakusita.

Alipomaliza, mtu mmoja wa safu ya mbele akasema, "Rabi, tupokee fundisho kwa mwanamke?"

Rabi Avimi alikuwa ameinamisha kichwa. "Katika habari ya aliyezama," akasema, "tunampokea mwanamke mmoja akija kutuambia kwamba mumewe amekufa, na hali anafaidika. Huyu amekuja kujifungia mlango kwa nje na ufunguo akautupa. Nani anasema uongo wa namna hiyo?" Akamgeukia. "Binti, ulikuwa unajua tangu lini?"

"Tangu zamani, Rabi."

"Na hizi siku kumi na nane?"

"Nilisikia. Nilinyamaza."

"Kwa nini umesema leo?"

Dinoi akatazama kikapu chake. "Ameulizwa mbele ya watu akasema hajui," akajibu. "Nilidhani atalisema alivyolihamisha."

Rabi Avimi aliamuru mlango usomwe mara nne. Dinoi akasema kutoka pale mlangoni, Shezbi akaurudia mkekani, na sisi sote tukaurudia nyuma yake. Mara nne watu mia tatu walitaja bwawa la matete pamoja na mto, mimi nikiwemo, na mara zote nne nilitamka vizuri.

Nilikwenda kwake siku ya tatu. Nilisimama nje ya ukuta, maana kuingia kungekuwa maneno kwa watu.

"Dinoi."

"Nimekusikia unakuja. Unapiga chafya ukipita kwenye mitende."

"Wangelipokea hata ungelisema upande ule mwingine. Yule mzee wa safu ya pili angekuunga mkono. Ungekuwa huru."

"Najua."

"Basi?"

Jiwe la kusagia likaendelea kidogo, kisha likasimama.

"Rehumi, unajua wanavyosoma. Hawasomi fundisho bila mwenyewe. Watasema, Shezbi alisema, naye kwa mwalimu wake. Leo, kesho, na watoto wa watoto wao. Ningelihamisha bwawa, uongo wangu ungetembea na jina la baba. Kila mwaka wangemwamsha kaburini aseme uongo. Yeye mwenyewe angesema uongo, ningeuvumilia. Nilikuwa nimeshajitayarisha kuuvumilia, nilikuwa nimeshafua nguo. Lakini alikataa. Nami niseme nini baada yake?"

Nikamwambia kwamba nimepaka nyumba chokaa.

"Nimesikia," akasema. "Wanasema umeipaka vibaya upande wa kaskazini."

Nikacheka, na nikaondoka kabla hajasikia kicheko kimegeuka kitu kingine. Niliumia. Niliumia mwaka mzima, na pombe yangu ya mwaka huo watu waliisema.

Rabi Avimi hakumwondoa Shezbi mkekani. Ila mlango wa maji hakuusema tena peke yake: kila ulipohitajika alikwenda kwanza nyumbani, binti akamsomea, akarudi nao akiushikilia kama mtu aliyebeba yai. Wanafunzi waliacha kumwita mtungi. Akafa mwaka wa tisa baada ya hapo, usiku wa Sabato, kwa ugonjwa mdogo. Wakata matete ndio waliobeba jeneza. Kutoka bwawani hakikutokea kitu, mfupa wala kiatu, mpaka leo.

Mimi nilioa mjane wa Nehardea ambaye kaburi la mumewe nimeliona kwa macho yangu na nimeweka jiwe juu yake. Ni mwanamke mwema. Dinoi hakuolewa. Anasuka mikeka, nywele zake ni nyeupe, na vijana wanaotaka ukariri hupelekwa kuketi nje ya ukuta wake, humsikiliza mara nne, wakarudi chuoni wakisema, "Shezbi alisema." Jina lake yeye halimo. Nilimwuliza kama hilo linamuudhi, akaniambia nina maswali mengi kwa mtu mwenye mitungi inayovuja.

Nami nilikwenda kuketi pale na vijana, nikiwa na miaka hamsini na tano, mke wangu akinicheka. Nikasikiliza mara nne, nikasema mara arobaini. Ninao mlango wa maji wote. Hujisomea asubuhi nikikoroga tende, na nikifika kwenye bwawa la matete nasita kidogo, kisha naliweka mahali pake.